Makofi Mawili Ubavuni mwa Kontena

Jirani zangu, punguzeni redio mnisikilize. Mnanijua: mimi ni mlinzi pale ghalani, wafanyakazi huniita Mama Geti, na mdomo wangu hauna breki. Leo nasimulia yaliyoipata nyumba ninayopakana nayo ukuta. Nasimulia kwa sababu nimeona ghala jingine likifanya ujinga ule ule, na damu imenichemka.

Mngeiona nyumba ile asubuhi mngeitamani. Mama Pacha ameketi kizingitini anawasuka pacha wake, mmoja analia kichwa kinauma, mwingine anamcheka. Mumewe anapiga buti zake brashi. Mdogo wake Mama Pacha, kijana aliyeshavishana pete na mchumba wake, anakunywa chai wima huku akiimba nje ya sauti kabisa. Kijana huyo ndiye roho ya dada yake. Wazazi wao walifariki wakati yeye hajaota meno, dada akambeba mgongoni hali naye ni mtoto wa kubebwa. Tangu mumewe alipomtafutia kazi ya kupanga mizigo ghalani, mlango mmoja na yeye, Mama Pacha alikuwa na neno lake la kuagia.

"Baba Pacha, nakukabidhi mdogo wangu mzima. Nirudishie mzima."

"Kwani mimi tarishi?" mume humjibu, na wote hucheka, hata aliyekuwa akilia.

Sasa huyo Baba Pacha, kule kazini jina lake Kimbunga. Aliendesha foklifti, ile gari fupi yenye meno mawili ya chuma mbele, na jamani, jamaa alikuwa anajua. Meno yanaingia chini ya paleti, lile jukwaa la mbao linalobeba boksi, mzigo unapaa, gari linageuka papo hapo, na kabla hujapepesa macho boksi zimo ndani ya kontena. Watu waliacha kazi zao wakamtazama. Sifa zikaanza kumpanda kichwani, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoingilia.

Ghala lina milango miwili ya kupakilia. Kila mwisho wa wiki, vijana wa milango hiyo walishindana nani atamaliza kontena lake kwanza. Dereva wa foklifti aliyeshindwa humkalisha mshindi juu ya kitoroli cha mkono na kumsukuma kuzunguka uwanja mzima, watu wakipiga makopo na kumzomea msukumaji. Kimbunga alikuwa amepanda kile kitoroli mpaka kikamzoea. Aliyemsukuma siku zote ni dereva wa mlango wa pili, mtu mmoja mpole waliyempachika jina la Bibi Harusi, kwa vile alikwenda taratibu na hakujali kusubiriwa.

Na kwa nini Bibi Harusi alichelewa? Kwa sababu alifuata utaratibu wa kazi. Lori likirudi nyuma hadi mlangoni, alimshusha dereva wake na kuchukua funguo, akazitia mfukoni. Kisha aliweka vigingi mbele na nyuma ya tairi. Alikagua daraja, lile bati nene la chuma linalounganisha sakafu ya ghala na sakafu ya kontena, aone kama limekaa sawasawa. Hakuingiza meno ndani mpaka mpangaji wa mizigo atoke nje. Funguo alizirudisha pale tu milango ya kontena ilipokwisha kufungwa.

Kimbunga aliona huko ni kupoteza muda. Akabuni njia yake ya mkato. Dereva wa lori abaki kwenye kiti, injini inanguruma, funguo mahali pake. Boksi la mwisho likiingia, mtu apige makofi mawili ubavuni mwa kontena, pa, pa, na dereva aondoke. Milango itafungwa mbele kidogo, karibu na geti langu.

Jioni moja yule kijana alimsimulia dada yake mbinu hiyo kwa furaha, akimwigiza Kimbunga kwa mikono. Nilikuwa hapo hapo uani naanua nguo. Mama Pacha hakucheka.

"Na kama mwingine akipiga kabla hamjamaliza?"

"Apige nani, mke wangu? Sote tunajua," alijibu Kimbunga.

"Mimi sijui foklifti. Najua tu huyu yuko humo ndani wakati lori liko tayari kuondoka."

"Dada, acha woga," kijana akamwambia, akachukua mkate wa pacha mmoja, ugomvi wa watoto ukaanza, maneno yale yakapotea. Laiti yasingepotea.

Basi ikafika siku yenyewe. Tangu asubuhi ghala lilikuwa limepamba moto, maana siku hiyo Bibi Harusi alikuwa anaongoza. Paleti ya vigae ya Kimbunga ilikatika kamba, boksi zikamwagika, wakalazimika kuzipanga upya. Kutoka getini kwangu naiona milango yote miwili. Vijana wa mlango wa pili walikuwa wanaimba, wanacheza, wameshakileta kitoroli na kukitandika gunia ili mpanda kitoroli mpya asiumie. Mwenyewe Bibi Harusi alikuwa anatabasamu, jambo la nadra kazini.

Kimbunga jasho linamtiririka. Imebaki paleti moja. Kijana wetu yuko mdomoni mwa kontena, anasukuma mstari wa mwisho wa boksi ukae vizuri ili hiyo paleti ipate nafasi.

"Shemeji, fanya haraka, wanatupita!" Kimbunga akapaza sauti.

"Lete tu, naiweka sawa."

Boksi moja lilikuwa limejitokeza pembeni. Kijana akalisukuma, likakataa. Akalipiga kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. Pigo la kwanza boksi likagonga bati la kontena, la pili mkono ukateleza ukagonga bati lile lile. Pa, pa.

Dereva wa lori alikuwa ameshatia gia, anaisubiri sauti hiyo tu. Akaondoka.

Niliona kwa macho yangu haya. Sakafu ilimtoka kijana miguuni, akaanguka chali nje ya kontena, chini kabisa, katika ule uwazi kati ya lori na ukuta wa ghala. Daraja likaporomoka na kutua pembeni yake. Foklifti ya Kimbunga, tairi za mbele zikiwa juu ya daraja lile, ikazama kwa pua na kubaki inaning'inia, tairi za nyuma zikielea hewani. Paleti ya vigae ikaserereka kwenye meno. Nusu ikamwangukia kijana mguuni. Nusu ikabaki juu, imening'inia sawa na kifua chake.

Nimeajiriwa kusimama, lakini siku hiyo nilikimbia. Nililikimbilia lori nikipunga mikono, dereva akafunga breki. Kisha akatazama kwenye kioo, akaona kilichotokea, akachanganyikiwa. Mnajua alitaka kufanya nini? Alitia gia ya nyuma. Alitaka kulirudisha lori mahali pake ili lizibe ule uwazi, na ndani ya uwazi huo kulikuwa na mtu.

Nikapanda kwenye ngazi ya lori na mwili wangu huu, nikaingiza mkono dirishani, nikazungusha ufunguo na kuuchomoa. Injini ikazima. Yule dereva aliniangalia kama hanijui.

"Kuna mtu nyuma," nikamwambia. Akaachia usukani.

Kule mlangoni Kimbunga alitaka kuruka kutoka kwenye foklifti. Bibi Harusi akamzuia kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo.

"Kaa hapo hapo. Uzito wako ndio unaoizuia. Ukiruka inamwangukia shemeji yako."

Kimbunga akakaa, ameshika usukani, anamtazama shemeji yake pale chini bila kuweza hata kumpa mkono. Bibi Harusi akaleta foklifti yake, wakafunga mnyororo nyuma ya ile inayoning'inia, akaivuta polepole, polepole kweli, na safari hii hakuna aliyemzomea. Vijana wakashuka, wakatoa vigae kimoja kimoja kwa mikono. Kijana alikuwa anapumua. Aliuliza kama wameshinda, maskini, hajui asemalo.

Madaktari waliuokoa uhai wake. Mguu hawakuweza, wakaukata chini ya goti.

Hospitalini nilifuatana na Kimbunga mimi mwenyewe. Tulimkuta Mama Pacha ukumbini, amekaa na kiatu kimoja cha mdogo wake mapajani.  Nilitamani apige kelele.

"Mke wangu, nisamehe."

Akakigeuza kile kiatu mapajani.

"Niambie kitu kimoja, Baba Pacha. Mlango gani ulishinda?"

Kimbunga aliufunika uso kwa mikono. Akateremka mpaka sakafuni, akalia mbele ya watu, na mkewe hakumnyanyua. Leo bado wanaishi nyumba moja. Kijana anajifunza kutembea na mguu wa bandia uani kwetu, mchumba wake akimshika mkono, na kila anapojikwaa Kimbunga huingia ndani. Ameacha kuendesha. Mama Pacha humpakulia chakula, humjibu akiulizwa, lakini asubuhi hamkabidhi mtu tena.

FUNZO

Wapendwa, sifa ya haraka ni ulevi, na mlevi wake huwaumiza waliomwamini. Ninyi mnaopakia, lori lisipakiwe dereva akiwa na funguo. Azitoe, ashuke, asimame mahali anapoonekana. Tairi ziwekewe vigingi. Daraja likaguliwe kabla halijakanyagwa. Foklifti ikiingia, binadamu atoke. Ruhusa ya kuondoka itolewe na mtu mmoja, uso kwa uso, baada ya milango kufungwa, wala si kwa kugonga bati ambalo yeyote anaweza kuligonga. Nanyi mabosi mnaocheka mkitazama mashindano hayo kutoka dirishani, yakomesheni, maana hata ninyi mmo katika kosa hili.

Na wewe uliye nyumbani, mpendwa wako akikusimulia mbinu ya mkato kazini huku anacheka, usikubali neno lako lipotee. Mkalishe, muulize tena, mkasirikie ikibidi. Afadhali anune mbele yako akiwa mzima kuliko alie kwenye sakafu ya hospitali, akitafuta jibu la kukupa.