Mnyororo wa Mto Weser

Kwanza Mechthild aliuona mstari mtoni. Kulia kwake maji yalikuwa ya kijani, kushoto yalikuwa mekundu kama udongo wa mfinyanzi, na katikati mstari umenyooka kama mshono wa kanzu.

Zilikuwa zama za mabwana wa ngome, za mikuki na pinde. Mahali pale Mto Werra, ushukao kutoka misitu ya Thuringia, hukutana na Mto Fulda. Ikisha kuungana huitwa Weser, nao huenda kaskazini kati ya vilima hadi baharini. Mechthild na mumewe Wulfram walisafiri juu ya chelezo cha magogo ya misonobari, yaliyofungwa kwa fito laini za miti, na juu ya magogo wamepanga magunia ya shayiri. Huko mbele mji wa Holmstede ulikuwa umezingirwa na adui. Mama yake Wulfram alikuwa ndani, akichemsha ngozi za viatu.

"Bwana, maji mekundu yale ni ya Fulda, imefurika," alisema Mechthild. "Tufunge ukingoni, tungoje."

"Tungoje nini, bibi wee? Mama atafune na visigino?"

Wulfram akacheka. Mechthild akashika kasia la nyuma.

Wenye mji walikuwa wameuziba mto kwa mnyororo ili adui asipite. Walinzi walikuwa wamemwahidi Wulfram kuushusha ili shayiri ipite, kengele ya jioni itakapolia. Lakini chelezo hakisimami katikati ya mafuriko, wala hakirudi nyuma. Washusha magogo wote hurudi kwao kwa miguu. Maji yakawabeba mbio, wakatokea mbele ya mnyororo jua lingali juu.

"Shusheni! Ni shayiri!"

"Kengele bado!" akajibu mlinzi mnarani.

"Punda wee, hunijui?"

"Nakujua, Wulfram. Nina amri!"

Mechthild alilalia kasia hata viganja vikachubuka. Chelezo hakikugeuka. Wulfram akaja, akamwinua kiunoni, akamrusha kwenye matawi ya miti ya ukingoni yaliyoinamia maji. Kisha magogo yakagonga mnyororo, fito zikakatika, magunia yakapasuka. Shayiri ikapita mbele ya mji, na watu wenye njaa wakiitazama kutoka ukutani. Wulfram hakuonekana tena.

Kengele ililia kwa wakati wake. Baada ya siku chache mji ukamfungulia adui malango.

Mechthild alirudi kwa miguu, peke yake, akifuata ukingo wa mto kurudi juu. Njiani akaketi kwenye jiwe, akasema kwa sauti:

"Wulfram, mimi naogopa maji. Nimeyaogopa tangu siku ya harusi yetu. Nilikuwa nakufuata wewe tu."