Mke na Wifi Walipopatana

Kilichomshtua fundi magari ni kuona mkewe na dada yake yeye mwenyewe wanarudi kutoka kwenye maporomoko wameshikana mikono.

Njia nzima ya kupanda mlima walikuwa wakirushiana maneno: kiti cha mbele, dirisha, nani kamsengenya nani kwa mama. Walipokwenda kunawa nyuso, yeye akabaki kuongeza maji kwenye rejeta, akishukuru kupata kupumua. Sasa wakaketi nyuma pamoja, wakitabasamu. Nguo zao zilikuwa kavu, lakini gari likajaa harufu ya tope la chini ya mawe.

Akaanza kuteremka. Jua lilikuwa kali, na bado vioo vilishika ukungu kwa ndani. Akatania kwamba kumbe leo wamepatana. Wakacheka kicheko kimoja, kilichoanza pamoja na kukatika pamoja. Akachokoza habari ya pete ambayo mkewe alidai wifi yake kaiiba, jambo lisilotajwa bila vita.

"Yamekwisha. Endesha," wakamjibu wote wawili, na kwenye kioo aliona midomo yao haikufunguka.

Akasingizia kwamba amesahau spana kule juu, akageuza gari, na kadiri mngurumo wa maji ulivyozidi ndivyo pumzi za baridi zilivyomsogelea kisogoni, zikimnong'oneza kwamba asishuke, kwamba kule hakuna mtu, kwamba kilichochukuliwa na maji hakidaiwi, mpaka akafungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa, akakimbia bila kugeuka.

Nyuma ya pazia la maji alisikia sauti mbili.

"Wewe ndiye uliyeitika ulipoitwa."

"Na wewe si ulinisukuma, wifi? Mchawi mkubwa."

Hakuwahi kufurahia ugomvi kama ule. Akajitosa, akapapasa gizani, akawavuta mmoja baada ya mwingine, wanatetemeka na bado wanatukanana.

Walipofika barabarani, gari halikuwepo. Wakiwa bado wanaduwaa, simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, aliyebaki nyumbani na mjukuu wake mchanga, mwendo wa nusu siku kutoka pale.

"Mwanangu, mbona wenzio wamefika bila wewe?" mama aliuliza kwa furaha. "Wanavyopendana leo, raha tupu. Mtoto alilia sana walipoingia, nikawapa wambembeleze. Sasa kanyamaza."