Chozi Mkubwa Kama Njiwa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kumi, mwaka 2007, Laini Saba, Kibera, ilijaa watu mpaka mataruma ya reli hayaonekani. Kaluki alikuwa ametandaza vitambaa vyake kando ya njia, vitambaa vya makochi, vyeupe pe, kila kimoja na ndege aliyemshona kwa mkono. Nairobi hii mtu anaweza kukosa kochi la maana, lakini kitambaa cha kulifunika mgeni akija hakosi. Yeye mwenyewe alivaa sketi ya kijani na blauzi ya maua, nywele zimesukwa jana yake. Kijana mmoja mrefu, gambuti zimejaa udongo mwekundu, akasimama, akainama, akaanza kucheka.

"Unacheka nini? Nunua ama upite."

"Pole, mrembo. Huyu ndege ni nani?"

"Chozi. Huoni mdomo umepinda?"

"Chozi analingana na kidole chako gumba. Huyu ni mkubwa kama njiwa! Akitua kwa ua, ua linavunjika."

"Nikimshona kama kidole, nani atamwona kutoka mlangoni? Kwani wewe ni daktari wa ndege?"

"Mimi ni shambaboi, Lavington. Mama wa pale alikuwa mwalimu. Kila asubuhi ananihesabisha ndege kabla sijanyunyizia maua." Akatoa pesa. "Nipe huyu huyu. Wa aina yake yuko mmoja tu."

Jina lake Oyoo. Wazee wake walitoka kando ya ziwa, naye alipanga chumba hapo hapo Laini Saba. Kaluki, Mkamba wa Kitui, aliishi Gatina, Kawangware, na kaka yake Mutie, fundi wa viatu. Kabla ya wiki mbili kuisha, ploti nzima ya Gatina ilikuwa na habari za mapenzi yao, kwa sababu Kaluki alimpigia simu kila asubuhi akiwa uani, karibu na tangi la maji, na mlango wa pili anakaa Marion, ambaye masikio yake hayalali.

"Kuna mmoja kwa kamba ya nguo," Kaluki alinong'ona siku moja.

"Haya, mpenzi. Ukubwa?"

"Anamshinda shomoro, hafiki njiwa."

"Mdomo?"

"Mwembamba, mweusi."

"Mkia?"

"Wa kawaida. Lakini chini yake kuna njano, kama amekalia rangi. Na nywele zimesimama kama zako."

"Huyo ni shore. Na nywele zangu zina shida gani?"

Oyoo alikuwa na mpango wake, naye hakuubadilisha: ukubwa kwanza, halafu mdomo, halafu mkia. Rangi mwisho. "Rangi inadanganya, Kalu. Kivulini kila ndege ni mweusi."

Marion aliwapasha majirani, "Leo wamefika kwa mkia!" nao wakacheka. Krismasi ilipokaribia, Oyoo akasema jambo la maana. "January nakuja kumwona Mutie. Nakuja na kreti ya soda, nimevaa suti."

Halafu kura. Halafu matokeo, na moshi.

Maduka yalifungwa. Kadi za simu zikaadimika. Kaluki alipiga na kupiga, sauti ya mwanamke ikimjibu kwamba mteja hapatikani. Mtaani watu walianza kusomana: jina lako nani, kwenu wapi, toa kitambulisho. Siasa za juu zikageuka, kiongozi wa Wakamba akaingia serikalini, na Wakamba wa Kibera wakaamka wakiitwa wasaliti. Siku ya kumi na mbili Kaluki alishindwa kuvumilia. Alijitwika furushi la vitambaa ili aonekane mfanyabiashara, akatembea kwa miguu mpaka Laini Saba.

Reli ilikuwa imeng'olewa. Vijana sita walimsimamisha, wakafungua furushi, wakatandaza ndege zake kwenye vumbi.

"Jina?"

Kutaja jina ni kutaja kabila. Akainua macho, akamwona Oyoo amesimama nyuma yao, mzima, kofia imeshuka usoni. Roho yake ikatulia.

"Oyoo, anakuangalia sana," mmoja alisema. "Unamjua huyu?"

"Huyu? Simjui." Hata hakumtazama. "Hawa wa vitambaa ni wengi. Mwacheni aende zake, anatujazia njia."

Wakachukua vitambaa viwili, wakamwachilia. Kaluki alirudi Gatina bila kujua miguu imepita wapi.

"Labda alikuwa anakuokoa," Marion alimwambia.

"Basi jioni si angepiga simu?"

Simu haikulia jioni hiyo. Haikulia wiki hiyo, wala mwezi uliofuata. Kaluki alifuta ile nambari, na akaacha kushona ndege. Akashona maua matupu.

Mwezi wa tatu, viongozi walipokwisha kupeana mikono, Marion alikwenda Laini Saba kununua omena. Aliporudi, uso wake haukuwa ule wa umbea.

"Kaluki, keti. Wale vijana walichukua vitambaa vyako viwili, sivyo?"

"Viwili."

"Jioni hiyo walienda kwa Oyoo kunywa chai. Kochi lake amelifunika na nini?"

Uzi ulimponyoka mkononi.

"Ndege yule yule waliyembeba kwa vitambaa vyako. Chozi mkubwa kama njiwa! Nairobi nzima nani mwingine anashona kitu kama hicho? Wakamwambia, si ulisema humjui? Walimvunja mguu, wakabeba vitu vyote, simu na nambari yako ndani. Wiki saba amelala kwa shangazi yake." Akapangusa macho kwa leso. "Nimemwona kwa macho yangu, nikamwachia nambari yako. Ukitaka kunigombeza, nigombeze."

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ikalia. Nambari ngeni.

"Madam, kuna ndege hapa. Nimeshindwa kumtambua."

Kaluki alishika ukuta. Sauti aliijua.

"Ukubwa?"

"Mrefu. Amekonda."

"Mdomo?"

"Una kovu. Ulisema neno moja baya kando ya reli."

"Mkia?"

"Hana. Ana gongo."

"Yuko wapi?"

"Kwa geti yenu. Amezuiwa."

Tangu January wanaume wa ploti walikuwa wakilinda geti kwa zamu, na zamu hiyo ilikuwa ya Mutie, rungu mkononi. Nje alisimama kijana mwenye suti iliyomzidi mabega, amejiegemeza kwenye gongo. Ploti nzima ilitoka, wengine na povu la sabuni mikononi.

"Anasema anaitwa Oyoo, wa Laini Saba," Mutie alisema bila kugeuka. "Kaluki. Unamjua huyu?"

Oyoo aliinamisha macho chini. Neno lile la "simjui" alikuwa amelitamka yeye, na sasa lilikuwa mikononi mwa mwingine.

Kaluki alipita katikati ya majirani, vipande vya uzi vimemshika sketi, mpaka akafika kwenye vyuma vya geti.

"Namjua," alisema, kwa sauti ya kufika hadi mlango wa mwisho. "Ndiye alikuwa aje January."

Mutie alimtazama Oyoo usoni, kisha mguu, macho yakabaki hapo.

"Ulikuwa uje na soda," alisema.

"Waliibeba, ndugu yangu. Na kreti."

Mnyororo wa geti ulikuwa umezungushwa mara tatu, na kuufungua kulihitaji mikono miwili. Mutie aliinama, akaweka rungu chini.