Redio ya Mzee Longinus

Kila siku mchana, saa nane na nusu, Firdausi alirudi kutoka shuleni, akavua viatu vilivyoganda udongo mwekundu, akafungua mlango wa vyumba viwili walivyopanga yeye na baba yake mjini Kibondo. Chakula alikikuta kimefunikwa mezani: ugali wa muhogo na maharage, au samaki aina ya migebuka ikiwa baba alipita sokoni jana yake. Alikula peke yake, akaosha sahani yake na kikombe cha baba cha asubuhi. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri.

Baba yake alikuwa bwana shamba. Alihamishwa kutoka Lindi mwezi wa kwanza, na tangu siku hiyo pikipiki ya kazini ilimpeleka leo Murungu, kesho Busunzu, akawaeleze wakulima habari za mbegu za mahindi na ugonjwa wa migomba. Alirudi jua likizama, amechoka. Mama yake Firdausi alikuwa mwalimu. Alibaki Lindi na mdogo wake Firdausi, akingoja barua ya uhamisho ambayo kila mwezi ilisemekana iko njiani.

Shuleni, darasa la sita, hakuna aliyemchukia. Darasani wote walizungumza Kiswahili. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, Kiswahili kilibaki ndani pamoja na madaftari. Wasichana waliruka kamba wakihesabu kwa Kiha, lugha ya wenyeji, wakataniana kwa Kiha, wakacheka. Pelagia, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa akijaribu kumtafsiria. Alipomaliza kueleza kichekesho, wenzake walikuwa wameshahamia kingine. Firdausi akazoea kusimama ukutani na kutabasamu wengine wanapotabasamu.

Mwenye nyumba wao aliitwa Bibi Esteria. Alikuwa mjane, na aliishi peke yake upande wa mbele wa nyumba ileile. Aliona jinsi mtoto yule anavyokaa mlangoni mchana kutwa akitazama barabara. Siku moja akamwita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwana wanje." Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa Kiha, maana yake mwanangu. "Njoo unisaidie kunyanyua kitu."

Juu ya kabati, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kulikuwa na redio kubwa ya zamani, pana kama sanduku la nguo, yenye uso wa chuma kinachong'aa na ubavu wa mbao. Marehemu mumewe, Mzee Longinus, alikuwa dereva wa shirika moja lililohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mgeni mmoja aliporudi kwao alimwachia redio hiyo. Spika zake mbili zilikuwa zimetafunwa na panya zamani, lakini hedifoni zake zilikuwa nzima: kubwa, nzito, zenye waya uliojiviringa.

"Mzee alikuwa akisikiliza kwaya kwa hizi, watoto wakiwa wamelala," alisema Bibi Esteria. "Mimi sijui hata pa kubonyeza. Chukua, ikuondolee ukimya. Ila usikilize taratibu."

"Nitasikiliza taratibu, Bibi. Ahsante."

Firdausi aliiwasha. Taa ya kijani ilimulika namba za stesheni, na stesheni ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya ng'ambo ya mpaka, ikizungumza Kirundi. Hata redio ilikuwa na lugha isiyo yake. Ndipo fundi Bazilio, mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi, alipompa baba yake waya wa kuunganisha simu nyuma ya redio. Na ndani ya simu ya zamani ya baba, iliyobaki nyumbani, kulikuwa na sauti za mama.

Mama alikuwa akituma ujumbe wa sauti kila baada ya siku mbili. Kwenye simu, sauti yake ilikuwa nyembamba, imebanwa. Firdausi alipoziba masikio yake kwa zile hedifoni na kuzungusha kitasa cha sauti kidogo, alishtuka. Mama alikuwa chumbani. Alisikia akivuta pumzi kabla ya kusema. Alisikia mbuzi ya nazi ikikuna pembeni, na kwa mbali mdogo wake akiimba wimbo usio na mwisho. Alifumba macho akalia kidogo, kilio cha mtu aliyefika nyumbani.

Tangu siku hiyo hakukaa tena mlangoni. Akimaliza kula, alivaa hedifoni. Kila siku alizungusha kitasa mbele kidogo, ili aisikie vizuri zaidi ile mbuzi ya nazi, ili amsikie mdogo wake amesema neno gani. Sauti haikukwaruza hata mara moja. Ilizidi tu kuwa kubwa na kumzunguka, hadi sauti za majirani, jogoo na pikipiki za barabarani vikatoweka.

Alhamisi moja mvua ilinyesha asubuhi, mchana mawingu yakarudi tena. Bibi Esteria alitoka haraka kwenda nyuma ya nyumba kuanua muhogo aliouanika. Aliteleza kwenye udongo, mguu ukajikunja chini yake, akasikia mfupa ukilia. Alijaribu kuinuka akashindwa. Akaita. Dirisha la chumba cha Firdausi halikuwa mbali, hatua kumi hivi. Akaita tena, na tena, mvua ikaanza kumnyeshea.

Firdausi alikuwa akisikiliza ujumbe wa mama kwa mara ya tatu.

Aliyefika ni Pelagia, aliyekuja kuazima daftari la Sayansi. Alimkuta bibi ameloa, midomo inatetemeka. Akakimbia kuita majirani. Firdausi alipovua hedifoni aliona vichwa vya watu vikipita dirishani, akatoka. Walikuwa wakimpakia Bibi Esteria kwenye bajaji.

"Firdausi," alisema bibi kwa shida. "Ulikuwa wapi? Nimekuita sana."

Majirani wote walimgeukia. Firdausi alisikia aibu ikimpanda kama homa.

"Nilikuwa bado shuleni, Bibi. Ndiyo nafika."

Pelagia alikuwa amesimama pale, ameshika kandambili moja ya bibi. Yeye na Firdausi walikuwa wametoka pamoja getini mwa shule, saa nzima iliyopita. Alimtazama Firdausi, akaiweka kandambili ndani ya bajaji. Bajaji ikaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Upande wa mbele wa nyumba ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyemwita mwana wanje. Dawatini Pelagia alimpa rula alipoiomba, lakini hakumtafsiria tena kitu. Firdausi akarudi kwenye sauti ya mama, ila sasa ilionekana kuwa mbali, kama mtu aliyejifunika kanga mdomoni. Akaongeza sauti. Akivua hedifoni, mluzi mwembamba ulibaki masikioni, ukilia bila kupumzika.

Jumatatu, Mwalimu Castory alimuuliza swali la Hisabati. Hakusikia. Mwalimu akarudia. Firdausi aliona midomo ikitembea, akajibu swali ambalo halikuulizwa. Darasa zima likacheka, isipokuwa Pelagia.

"Unaumwa?" mwalimu aliuliza, akisogea karibu.

"Hapana, mwalimu. Sijambo." Na huo ulikuwa uongo wa pili.

Jumamosi Bibi Esteria alirudi, mguu umefungwa hogo jeupe la plasta mpaka gotini. Binti yake, Yusta, alikuwa amekuja kutoka Kasulu kumchukua. Firdausi aliwaona wakikunja nguo na kuziweka kwenye begi.

"Mama hawezi kubaki hapa," Yusta alimweleza baba yake Firdausi. "Mtu anaanguka mchana kweupe, anaita, na nyumba haina mtu. Tutatafuta mpangaji wa upande huu pia."

"Sitaki kuondoka kwangu," alisema bibi polepole. "Lakini nimeogopa. Kuita bila kuitikiwa kunaogopesha kuliko kuvunjika."

Firdausi alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kurudi chumbani, begi likafungwa, gari likaondoka, na hakuna ambaye angejua. Miguu yake ilitaka kurudi. Badala yake aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi.

"Nyumba ilikuwa na mtu," alisema. "Nilikuwepo, Bibi. Nilikuwa nimevaa hedifoni, sauti nimeifungua sana. Nilidanganya."

Baba yake alisimama. Yusta aliacha kukunja nguo.

"Nilikuita kwa Kiha," alisema Bibi Esteria. "Maumivu hayakunipa nafasi ya kutafuta Kiswahili. Niambie kweli. Ulinisikia ukanyamaza, au hukunisikia?"

"Sikukusikia. Wallahi, Bibi. Hata sasa sisikii vizuri. Kuna kitu kinapiga mluzi ndani."

Baba hakumpiga wala kumfokea. Jumatatu hakwenda Busunzu, alimpeleka hospitali. Daktari alimtazama ndani ya masikio, akasimama nyuma yake na kunong'ona maneno ayarudie. Mengine Firdausi aliyarudia, mengine hayakumfikia.

"Amewahi kuja," daktari alimwambia baba. "Masikio yamechoka, bado hayajafa. Wiki tatu asivae kitu chochote masikioni. Sehemu kubwa itarudi. Ila mluzi kidogo unaweza kubaki upande wa kushoto, na huo sina dawa yake. Sikio likiharibiwa na kelele halishoneki kama ngozi."

Wakirudi walipitia kwa fundi Bazilio, na jioni ile fundi akaja kuitazama redio.

"Redio hii ilitengenezwa kusukuma spika mbili za kujaza ukumbi," alimweleza Firdausi. "Nguvu hiyo ukiielekeza kwenye hedifoni, sauti inatoka safi kabisa, maana mashine haijikazi. Simu ikizidishwa inakwaruza, nawe unajua imezidi. Hii haikwaruzi. Inakubembeleza tu huku inakuumiza. Wa kujua imefika wapi ni wewe, si redio." Akazungusha kitasa mpaka sifuri. "Anza hapa kila mara. Ukiona humsikii mtu aliye karibu nawe, ujue umeshapita."

Siku mbili baadaye alileta spika mbili alizozikarabati, wakaiweka redio sebuleni kwa Bibi Esteria. Yusta alikuwa amerudi Kasulu peke yake, kwa sharti kwamba Firdausi awe anafanyia kazi za shule kwa bibi kila mchana mpaka hogo litolewe.

Shuleni Firdausi alimwambia Pelagia, "Uliniona getini siku ile."

"Nilikuona," Pelagia alijibu. "Nilingoja useme mwenyewe. Ningesema mimi, ningekuwa nimekusengenya." Kisha akasogeza daftari lake katikati ya dawati, na mapumziko yalipofika akaanza kumfundisha kuhesabu kamba kwa Kiha, moja mpaka kumi.

Mchana huo Firdausi, Pelagia na bibi walikaa sebuleni, redio ikisema kwa sauti ya chini. Firdausi alimwomba bibi msamaha tena. Bibi Esteria aliunyoosha mguu wake juu ya kigoda.

"Kumsikiliza mama yako si kosa," alisema. "Na kutonisikia, hilo ni kosa la kutojua, umeshalilipia kwa masikio yako. Yatunze, hakuna duka linaloyauza. Lakini uongo, mwana wanje, huo ulinifikia mimi. Nimelala hospitali siku tisa nikiamini kwamba nyumba yangu haina mtu. Nilikuwa na jirani hatua kumi, nawe ukaninyang'anya kwa neno moja. Wewe unaujua upweke unavyokuwa. Usimpe mtu mwingine. Ukikosea, sema, hata kama sauti inatetemeka. Mtu akisema kweli tunajua yuko wapi, na sisi tunaweza kumfuata."

Firdausi alibeba daftari lake, akahamia kwenye mkeka karibu na kigoda, mahali ambapo angesikia hata akiitwa kwa sauti ndogo.