Kidole Kwenye Shingo ya Pikipiki

Kila nilipotoka shule nilitundika sare yangu kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji, nikavaa gauni kuukuu lenye madoa ya grisi, kisha nikamwamkia baba. Baba ni fundi pikipiki na kwa kawaida yuko chini ya mashine, kwa hiyo "marahaba" nyingi nimezipokea kutoka kwenye soli za viatu vyake. Karibu na dirisha alikaa shangazi, dada mdogo wa baba, akishona viti vya pikipiki kwa cherehani ya kukanyaga. Yeye ndiye aliyenipa jina la Kidole.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Vidole vya baba ni vinene kama mihogo, vyangu ni vyembamba na hupenya popote. Katika gereji yetu, pikipiki inayotaka kununuliwa haikaguliwi na mtu mmoja. Baba husoma orodha iliyobandikwa ukutani, sehemu baada ya sehemu, na mimi huishika kila sehemu na kujibu, "Nimegusa." Ukijibu "nimeona," baba anarudia swali. Husema macho ni rahisi kudanganywa na rangi.

Mwaka ule shangazi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mara moja kwa mwezi, uwanja wa mbio za pikipiki uliwafungulia watu wa kawaida milango, waendeshe mizunguko yao bila mashindano wala zawadi, kisha warudi makwao. Shangazi alikuwa ameenda mara mbili kuchungulia kupitia wavu, na tangu hapo hatukupumua. Alitaka pikipiki yake ya uwanjani, ya bei anayoimudu mshona viti.

Baba alimweleza kwamba bei ya kununulia si bei yote. Uwanjani tairi huisha upesi, breki huisha upesi, na kuanguka kupo. Kwa hiyo achague ndogo, nyepesi, ambayo vipuri vyake havisumbui kupatikana. Baada ya majuma matatu ya kutafuta zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, mali ya tarishi mstaafu, yenye tangi lililobonyea na mlio wa mtu mwenye kikohozi. Ya pili ilikuwa nyekundu, imepakwa rangi juzi tu, na muuzaji alisema imeshawahi kukimbia uwanjani. Zililingana bei. Baba aliipenda ya kijivu kwa sababu alijua kila ilikopita.

Mimi niliipenda nyekundu. Nitasema ukweli wote: nilikuwa nimekwisha kujitapa darasani kwamba shangazi yangu ataendesha pikipiki nyekundu ya mbio, na wenzangu walikuwa wameniahidi kunikalisha mbele kila tukipiga hadithi. Hiyo ya kikohozi ningeianzia wapi?

Siku ya kuikagua nyekundu, baba alisoma orodha na mimi nikagusa. Breki, mnyororo, shokapu, zote nzima. Kisha akasoma, "Shingo ya fremu, upande wa nyuma." Ni pale usukani unapoungana na fremu, pembamba sana, na katika gereji nzima ni kidole changu tu kilichofika. Nikakipenyeza. Chini ya rangi laini nikahisi mstari ulioinuka kama kovu. Nilijua ni nini. Fremu ilikuwa imewahi kupasuka, ikachomelewa, kisha ikapakwa rangi.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni, helmeti mkononi, akitabasamu peke yake.

"Nimegusa," nikasema.

"Kuna kitu?" baba akauliza.

"Hakuna. Safi."

Baba akatia alama, na shangazi akainunua.

Tukaiandaa pamoja. Tuling'oa vioo, tukaziba taa kwa utepe ili zisimwage vigae uwanjani zikivunjika, na shangazi akaishonea kiti kipya. Siku ya uwanja nilisimama kwenye wavu na baba. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili mzuri zaidi. Wa tatu, shangazi alipofunga breki kabla ya kona, nilisikia mlio mmoja mkavu. Gurudumu la mbele lilienda njia yake na pikipiki njia yake. Sikuwahi kumwona baba akikimbia mpaka siku ile.

Shangazi hakufa. Lakini mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili, na daktari alisema goti halitakunjika tena kama zamani.

Baba aliileta fremu nyumbani akaitazama palipokatika. Aliona kutu ya zamani ndani ya ule mpasuko, akajua kila kitu isipokuwa kimoja. Aliwaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyekagua vibaya. Wateja wawili wakaja kuchukua pikipiki zao kabla hazijakamilika. Jioni ile akabandua orodha ukutani, akasema kazi ya kukagua ameiacha, akili yake imechoka. Nilimsikia na nikanyamaza. Nilinyamaza siku tisa. Kila nilipoishika kalamu shuleni nilihisi lile kovu kwenye ncha ya kidole.

Siku ya kumi shangazi alirudi kutoka hospitali kwa magongo. Hakwenda kulala. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani yake, akakaa, akaweka mguu kwenye kikanyagio. Mguu ulikataa. Akauinua kwa mikono miwili, akaurudisha. Ukakataa tena.

"Baba, niligusa," nikasema. Sauti ilinitoka yenyewe. "Kulikuwa na kovu shingoni. Nilijua pamechomelewa. Nikasema safi."

Baba aliweka spana chini taratibu. "Kwa nini?"

"Nilitaka ile nyekundu."

Alitoka nje. Nilipiga magoti mbele ya shangazi nikaanza kumwomba radhi, naye akanizuia kwa mkono. Alikuwa analia.

"Leo sitaki pole yako," akasema. "Ungeniambia ukweli ningenuna siku moja, halafu ningepanda ile ya kijivu. Huu uongo wako nitatembea nao mpaka uzeeni. Hilo ulijue, na usilisahau."

Sijalisahau. Baba alipoingia hakunichapa. Aliibandika orodha mahali pake, akapigilia ile shingo iliyokatika chini yake, kisha akawapigia simu wale wateja wawili na kuwaeleza yote, pamoja na sehemu yangu. Nilidhani atanifukuza kazini. Akasema vidole vyake bado havipenyi, na kuanzia kesho nitasema ninachokihisi, si ninachokitaka. Kwenye cherehani akafunga mkono wa kuzungushia. Shangazi hushika ngozi na mimi huzungusha, kila siku baada ya shule. Mwezi wa kwanza hatukuzungumza.

Mwezi uliopita alikuja kijana na pikipiki ya bluu, nzuri kweli, anataka kuinunua akakimbie uwanjani. Baba akasoma, nami nikagusa. Tulipofika shingoni nilikipitisha kidole mara tatu.

"Nimegusa. Kuna kitu."

Kijana alikasirika. Alisema ameitafuta miezi minne, na mtoto mdogo anamharibia kwa kidole. Shangazi akachukua gongo lake, akaja kwa hatua zake fupi mpaka mbele yake.

"Mwanangu, huyu mtoto amekuudhi leo. Mshukuru," akamwambia. "Unarudi nyumbani kwa miguu yako miwili."

Kisha akageuka kuelekea dirishani. "Kidole, njoo uzungushe. Kiti cha watu hakijaisha."