Posa Iliyoingia Jarubani

"Ni huyu! Huyu huyu aliyekalia kiti changu!"

Mzee Fulgensi alisimama katikati ya ua, mkono mmoja umeshika baiskeli, mwingine unamnyooshea kidole mgeni. Tope lilikuwa limemganda kuanzia viatuni mpaka masikioni. Shati jeupe alilolivaa makusudi kwa ajili ya kupokea posa ya binti yake lilikuwa halitambuliki.

Anold, mshenga mwenye maneno matamu kuliko washenga wote wa Ifakara, alibaki na kikombe cha chai hewani.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Baki nayo hiyo shikamoo! Si ungeniamkia kule kwenye tuta? Umenipigia honi mpaka nimeingia kwenye jaruba la mpunga la watu!"

"Mzee wangu, nisamehe. Sikujua kama ni wewe."

"Kwa hiyo angekuwa mwingine ingekuwa sawa?"

Jikoni, Edna alishusha sahani ya kuku na kukaa juu ya kinu. Alijua posa yake imekwisha.

Njia ya kuingia kwao Michenga ilipita juu ya tuta jembamba, mpunga huku na mpunga huku. Wenye baiskeli walisema njia ni yao tangu enzi za babu zao. Bodaboda nao walisema mwenye injini hawezi kumsubiri anayekanyaga kwa miguu. Walitukanana kila siku, hata kilabuni hawakukaa benchi moja. Mzee Fulgensi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wabeba mpunga kwa baiskeli, na Edna wake, fundi cherehani mwenye akili zake timamu, katika wanaume wote wa bonde hili akampenda Seni, dereva wa bodaboda!

"Baba Edna," mama yake, Brigita, aliomba, "mwache basi mgeni amalize chai."

"Amalize, kisha aondoke na barua yake. Binti yangu haolewi na mtu wa honi!"

Anold hakumaliza chai. Pikipiki ilipotokomea, kwenye simu ya Edna ukaingia ujumbe wa Seni.

"Vp mamaa, mzee kapokea?"

"Kapokea tope," Edna alijibu, kisha akatoka jikoni na kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, Seni hajakuangusha."

"Wote ni walewale."

"Na wewe ukishapakia magunia yako, unampisha nani?"

Mama Edna alikohoa kuficha kicheko.

"Haya," mzee alisema. "Aje mwenyewe Jumapili, baada ya misa. Kwa baiskeli, kutoka mjini mpaka hapa! Ampishe na kumsalimia kila atakayekutana naye. Akifika, nitaipokea barua. Asipofika, sitaki kulisikia tena jina lake."

Edna alikimbilia nyuma ya nyumba kupiga simu.

"Seni, kakubali! Ila uje kwa baiskeli."

Upande wa pili injini ya pikipiki ikazimwa.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Edna... sijui kuendesha baiskeli."

"Msukuma gani hajui baiskeli?"

"Mimi hapa. Nimekua nikitembea nyuma ya ng'ombe, nilipotoka huko nikarukia pikipiki. Tafadhali usiwaambie wa kijiweni, watanicheka mpaka nihame."

Edna alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakumbuka kitakachowapata Seni akishindwa, kicheko kikakauka.

Kila jioni, akishafunga cherehani, walikutana kwenye uwanja wa shule.

"Unanyonga nini hapo kwenye usukani? Baiskeli haina mafuta!"

"Mkono umezoea."

"Kanyaga! Tazama mbele, usinitazame mimi!"

"Breki! Breki iko wapi?"

"Ilishakufa. Weka mguu chini!"

Seni alivamia mbuzi wawili na goli moja. Siku ya mwisho alikaa kwenye nyasi akipuliza kiwiko kilichochubuka.

"Nikishindwa je, Edna?"

"Usiniulize hilo." Alimpenda kijana huyu, na hakuwa na uhakika kama atafika hata njiapanda. "Panda tena."

Jumapili misa iliisha, wali ukaiva, wali ukapoa. Edna alipiga simu, haipatikani. Mzee Fulgensi, ndani ya shati jingine jeupe, alichungulia njia mara ngapi sijui.

"Kijana wako kaghairi."

"Atakuja, baba."

Mara wakasikia pikipiki. Alikuwa Anold, aliyeitwa na Mama Edna aje kuomba radhi. Aliingia akijifuta jasho.

"Shikamooni. Bwana harusi bado? Mzee, leo nimekuelewa. Kuna jamaa huko kwenye tuta anayumba na baiskeli kama mlevi! Nimepiga honi wee, mwisho kaingia jarubani mzimamzima."

Edna aliruka kutoka kitini.

"Alivaa shati gani?" Edna aliuliza.

"La bluu, lenye..." Anold alishika mdomo. Shati hilo ni yeye aliyemwazima Seni.

"Anold! Umemwangusha bwana harusi wako!" Edna alimpigia kelele.

Kabla hajajitetea, Seni alitokea akikokota baiskeli, tope mpaka kwenye nyusi na mche wa mpunga umenasa kwenye kola.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa kuchelewa."

"Marahaba. Nani kakufanya hivyo?"

Seni alimtazama Anold. Anold alitazama vidole vya miguu yake.

"Mimi mwenyewe, baba. Bado sijaizoea baiskeli."

Mzee Fulgensi alimkagua juu mpaka chini. Midomo ilianza kumcheza, mabega yakafuata, mwisho akaangua kicheko kilichowatoa majirani nje.

"Njoo ukae hapa, kwenye kiti changu."

"Nitakichafua, baba."

"Kichafue! Mama Edna, mpe mkwe wangu maji anawe. Na wewe mtu wa honi, barua iko wapi?"

Edna hakungoja kuambiwa. Alipiga kigelegele chake mwenyewe, mama yake akamfinya kwa aibu, naye akapiga cha pili.

Siku ya harusi, kutoka kanisani, bibi harusi alikunja gauni mpaka magotini na kushika usukani. Bwana harusi alikaa kwenye keria, suti na yote. Nyuma yao bodaboda walijipanga mwendo wa kinyonga bila honi hata moja, na juu ya pikipiki ya Anold, Mzee Fulgensi alikuwa amemkumbatia dereva kiuno kwa nguvu zote.

"Polepole wewe! Utaniua kabla sijala pilau!"

Katikati ya tuta walikutana na babu mmoja anayekokota magunia ya mpunga kwa baiskeli. Edna aliweka mguu chini. Nyuma yake injini zikazimwa moja baada ya nyingine, msafara mzima ukajibana pembeni kumpisha.

"Shikamoo, babu!" maharusi walisalimia pamoja.

"Marahaba, wanangu. Hongereni." Babu alimtazama Seni kwenye keria. "We kijana, mbona mkeo ndiye anayekanyaga?"

"Mimi bado najifunza, babu," Seni alisema, na kumshika Edna kiuno vizuri zaidi.