Sufi Ndani ya Spika

Wening alimkuta kijana mmoja dukani kwake ameegemeza sikio kwenye mto, anaugonga kwa vidole. Nje, soko la Genteng lilikuwa limefurika, pikipiki zikipigiana honi kwenye joto kali la Surabaya, Indonesia.

"Kaka, unanunua mto au unataka kulala hapahapa?"

Kijana akashtuka. Shati lake la batiki lilikuwa limefifia, nywele zimejaa vumbi la mbao. "Samahani, dada. Naitwa Prasojo, natengeneza spika. Natafuta kitu cha kujaza ndani ya sanduku. Likiwa tupu, sauti inagonga mbao na kurudi. Mwimbaji anasikika kama kafungiwa kwenye pipa."

"Si uweke sponji?"

"Niliweka, haikuniridhisha. Nyuzi za kioo nazo zimeniwasha mpaka kwenye kope."

Wening alicheka, mkono mdomoni, bangili zikigongana. Akamfungia sufi aliyoichambua mwenyewe. Siku hizi watu walitaka magodoro ya sponji, na shemeji yake alishamwambia alifunge duka hilo aliloachiwa na mama yake. Yeye hakutaka hata kusikia.

Simu za Prasojo zikaanza, na haukupita muda wakawa wapenzi.

"Mpenzi, sufi yako imetuliza besi. Haingurumi ovyo tena."

"Unanipenda mimi au sufi?"

"Nikijibu utanipandishia bei."

Kisha Ibu Sulastri, mama mwenye sauti nzito aliyeimba keroncong, muziki wa zamani wa Indonesia, akamwagiza Prasojo spika za ukumbi wake. Zikimridhisha, Prasojo angeacha kibarua cha kiwandani na kufungua karakana yake.

Mchana mmoja Wening alimpelekea wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye jani la mgomba. Mlangoni akakuta gunia limejaa sufi yake yote. Ndani, Prasojo alikuwa anagundisha sponji kwenye mbao.

"Umeitoa?"

"Imeshuka chini, Wening. Juu kumebaki wazi, sauti imeanza kurudi tena. Nilikuwa nitakuambia."

"Lini? Baada ya kumwambia kila mtu kwamba mali yangu ni takataka?"

"Sijasema hivyo!"

"Shemeji yangu naye huanza hivyohivyo, kwa upole."

Akaweka chakula mezani, akaondoka. Prasojo alipiga simu mpaka akachoka, haikupokelewa. Akaja dukani, akakuta mlango umefungwa.

Wening hakuwa analia. Alikuwa chumba cha nyuma, anashona. Maneno ya Prasojo yalimuuma, lakini yalikuwa kweli: sufi iliyoachwa huru hushuka. Basi akaitandaza kati ya vitambaa viwili vya pamba na kuipiga mishono ya karibukaribu, kama godoro jembamba, isipate pa kushukia. Alipochomwa na sindano alinyonya kidole, akaendelea.

Alipomaliza alibeba mzigo wake hadi kwa Prasojo.

"Bandua sponji yako."

"Wening, nisikilize kwanza..."

"Bandua, Mas," akasema, akimwita kaka kwa Kijava. "Ugomvi baadaye."

Wakatandika kuta zote za ndani, wakafunga sanduku, wakawasha wimbo wa Ibu Sulastri. Sauti ikatoka imezubaa, haina uhai.

Wening akauma mdomo. "Basi. Shemeji kashinda."

"Hajashinda mtu. Imezidi tu." Prasojo akafungua sanduku, akaondoa tandiko la juu na la chini, akabakiza la nyuma na yale ya ubavuni. Akawasha tena.

Safari hii mama yule aliimba kama amesimama mle chumbani. Pumzi yake ilisikika, na nyuzi za selo, ile fidla kubwa, zilisikika zikiguswa mmojammoja. Wimbo ukaisha.

"Nilipaswa kukuambia," Prasojo akasema. "Niliogopa utaniona sithamini kazi yako."

"Na mimi nilipaswa kupokea simu."

"Ibu Sulastri anakuja kesho. Nitamwambia tumezitengeneza wawili. Akiniuliza wewe ni nani wangu, nimjibu nini?"

"Wewe unataka kumjibu nini?"

"Mke wangu mtarajiwa. Ukikubali."

Wening alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Baba. Jiandae, atakuuliza maswali magumu." Akamshika mkono. "Na duka sifungi, Mas."

"Nani kakuambia ufunge? Ongeza cherehani."